Asilimia Sitini na Mbili

Siku aliyopewa ruhusa ya kutia sahihi peke yake, Bi Mizani alikwenda stoo kumshukuru Mungu, akakaa mno.

Kosa ni hilo, wala halina utata. Ila yeye mwenyewe hakuliita kosa kwa siku tatu nzima.

Jina la Bi Mizani alipewa na wenzake wa maabara, kwa sababu hakuwa mtu wa kupima kitu mara moja akaridhika. Hata sukari ya chai aliichota, akaitazama, akapunguza punje. Kabla ya hapo walimwita Mama Chupa, maana kwa miaka kumi na minne kazi yake pale ilikuwa kuosha chupa, beseni na mirija iliyotumiwa na waliosoma. Alianza masomo ya jioni akiwa na miaka arobaini na mitatu. Darasani aliketi na watu wa rika la binti yake, miwani imemning'inia puani, daftari amelifunika kwa gazeti. Mwalimu wa kemia alimwita "bibi" siku ya kwanza na "mwenzangu" siku ya mwisho. Alipofaulu, mumewe alimtania, "Haya, msomi, sasa chai ya humu ndani itachemka kwa kanuni gani?" Wakacheka wote wawili mpaka machozi, kisha wakapiga magoti.

Kazi aliyopewa siku ile ilikuwa ya kulinganisha makopo mawili ya vidonge. Duka kubwa la dawa lilitaka kuchagua moja la kuweka kwenye rafu zake. Yote mawili yalikuwa na kiungo kile kile, kile kinachosifiwa kwamba husaidia mwili usichakae upesi. Watu walikiita unga wa ujana. Kopo la kwanza lilikuwa la kampuni kubwa yenye hataza: njia yake ya kuutengeneza unga imeandikishwa kisheria, na mwingine haruhusiwi kuitumia. Kopo la pili lilitoka kiwanda kidogo cha hapo hapo mjini, chenye wafanyakazi wasiofika ishirini, kilichonunua unga uliotengenezwa kwa njia nyingine isiyo na mwenyewe, kikauuza kwa bei ya chini. Duka liliuliza jambo moja tu: je, ndani ya kidonge mna kiasi kilichoandikwa juu ya kopo? Kama unga huo kweli unaongeza umri, hilo halikuulizwa, na maabara haikulazimika kulijibu.

Upimaji wake una sharti moja gumu. Unga huyeyushwa kwenye chupa ya maji, chupa ikawekwa ndani ya beseni la maji ya moto kwa dakika kumi, kisha ikatolewa na kuzamishwa kwenye barafu. Dakika kumi, si ishirini. Ukizidisha, unga huvunjika, ukageuka kuwa vitamini ya kawaida tu, ambayo mtu angeweza kuinunua kwa bei ya pipi. Bi Mizani alianza na lile la hataza. Dakika kumi, barafu, tayari. Akaweka chupa ya pili kwenye beseni, akatazama saa: saa sita na dakika ishirini mchana.

Hapo ndipo Mkuu wa maabara alipopita, dada wa miaka thelathini na kitu, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa kila mahali.

"Mama, barua yako imetoka. Kuanzia leo unatia sahihi mwenyewe. Usinitafute tena na makaratasi yako."

"Mkuu, usinitanie."

"Nakutania kwa muhuri?" Akamwekea bahasha mezani, akaenda zake.

Bi Mizani aliisoma barua akiwa amesimama. Moyo ulimjaa. Dakika kumi zinatosha kusema asante, alijiambia. Akaingia stoo ya maboksi, akatandaza katoni tupu sakafuni, akapiga magoti.

Asante ya miaka kumi na minne haiishi kwa dakika kumi. Alianza na barua, akarudi kwenye mtihani wa hesabu alioufeli mara mbili, akarudi kwenye jioni alizotembea kwa miguu akiwa na homa, akafika kwa mama yake mzazi aliyekufa akijua kuandika jina lake tu. Alilia. Alinyamaza. Akashukuru upya. Nyuma ya ukuta beseni lilikuwa likinguruma taratibu, na ngurumo ile alikuwa ameizoea kiasi kwamba haikumwamsha. Aliponyanyuka, magoti yakiwa yamekufa ganzi, ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

Aliitoa chupa, akaizamisha kwenye barafu. Kwenye daftari la kazi kuna safu ya muda wa kukaa kwenye beseni. Mkono wake uliandika: dakika 10. Uliandika kwa mazoea, au ndivyo alivyojitetea. Kuanza upya kungemgharimu alasiri moja tu, unga ulikuwepo. Lakini anayeanza upya hana budi kuandika sababu, na sababu yenyewe ingekuwa ya kwanza kabisa kusomwa chini ya sahihi yake mpya: nilikuwa stoo.

Fundi Mashine, kijana mpole aliyeendesha mashine ya uchambuzi, alileta majibu asubuhi ya pili. Kopo la hataza, asilimia tisini na tisa ya kiasi kilichoandikwa. Kopo la kiwanda kidogo, asilimia sitini na mbili.

"Si nilisema!" Fundi Mashine alipiga meza. "Rahisi ghali. Hawa wa bei ya kutupa, wanajaza unga wa mahindi humo, mama. Mzee wa watu anameza uji mkavu, anangoja kurudi ujana."

Jambo lililomwuma baadaye kuliko yote ni hili: aliposikia hivyo, Bi Mizani alifurahi. Namba ile ilimpa mahali pa kujificha. Kama mwenye kiwanda anachakachua, basi ile saa ya stoo haina uzito wowote. Akatia sahihi. Ilikuwa sahihi yake ya kwanza, na aliiandika polepole, kwa mwandiko mzuri.

Siku ya tatu mwenye kiwanda alikuja.

Alikuwa mtu mnene, wa makamo, shati limemlowa mgongoni. Aliketi mapokezi kwenye ukingo wa kiti, karatasi ya majibu aliyotumiwa na duka ameikunja mara nne. Mkuu alikuwa kwenye kikao, kwa hiyo aliitwa aliyetia sahihi.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, kaka yangu. Karibu."

"Sikuja kugomba." Aliikunjua karatasi juu ya goti. "Nataka kuuliza kitu kimoja. Mashine yenu inaweza kukosea?"

"Inaweza, kidogo. Mbili, tatu hivi."

"Thelathini na nane?"

"Hapana," alisema Bi Mizani. "Siyo hivyo."

Yule mtu alitikisa kichwa kama aliyekwisha kujua. "Basi ni mdogo wangu."

"Mdogo wako yupi?"

"Anayepima unga pale kwangu. Pipa lina ufunguo mmoja, anao yeye. Mizani ni yake. Kama unga haumo kwenye vidonge, umekwenda wapi? Ameuuza nje, akajazia takataka. Hakuna njia nyingine, nimefikiri mpaka kichwa kinauma." Alijifuta uso kwa kiganja. "Dada, yule nimemlea. Mama yetu alipofariki, yeye alikuwa na miaka sita. Nilimsuka nywele za shule mimi mwenyewe, zikawa zinaelekea kila upande, watoto wakamcheka, akawaambia kaka yangu ndivyo apendavyo. Leo asubuhi nimemwita mwizi mbele ya wafanyakazi kumi na mmoja."

"Akasemaje?"

"Afadhali angesema. Alininyooshea ufunguo, akatoka. Hata hakukimbia."

"Ningoje hapa," alisema Bi Mizani. "Kuna kitu nakwenda kukitazama."

Alikwenda kwa Fundi Mashine, akamwomba amfungulie picha ya majibu kwenye skrini, siyo namba, picha. Mashine ile huchora kila kitu kilichomo kama kilima: kingi, kilima kirefu, kichache, kifupi. Ya hataza ilikuwa na kilima kimoja kirefu, safi. Ya kiwanda kidogo ilikuwa na kilima kifupi, na pembeni yake kilima cha pili.

Kile cha pili alikijua. Mwalimu wa jioni aliwahi kukichora ubaoni na kuwaambia, mwizi huacha pengo, joto huacha mabaki. Kama mtu angekuwa ameiba unga akajaza wa mahindi, kilima kingekuwa kifupi na cha pekee. Hiki cha pembeni kilikuwa vitamini ya kawaida, yaani unga ule ule uliovunjika. Hakuna kilichoibiwa. Asilimia thelathini na nane zote zilikuwa pale, zimeiva kwenye beseni, na yeye akizitazama kama mtu anayekuta nyayo zake mwenyewe dirishani kwa jirani.

"Hiki cha pili ulikiona?" aliuliza.

"Nilikiona. Nikajua wamenunua mzigo uliolala."

"Au umekaa sana kwenye maji ya moto."

Fundi Mashine aligeuka na kiti chake. "Ulikaa?"

"Saa moja na dakika ishirini."

"Mama, daftari linasema kumi."

"Najua linasemaje. Nimeliandika mimi."

Kijana alitazama mlango, akausukuma kwa mguu ukajifunga. Akashusha sauti. "Sikiliza. Kila dawa huletwa makopo mawili; lao la akiba liko kabatini na lakiri yake. Tulipime sasa hivi. Likitoka zuri, tunasema mashine ilikuwa na hitilafu. Mwenye kiwanda anapona, mdogo wake anapona, wewe unapona. Mashine haina mdomo wa kujitetea."

"Na kampuni ya hataza? Si ilipimwa kwa mashine hiyo hiyo?"

"Ina nini? Yake imeshapata tisini na tisa, imekaa raha mustarehe."

Ulikuwa ushauri wa mtu anayempenda, na ndiyo maana ulikuwa hatari. Yule mdogo wa mwenye kiwanda angesafishwa jina. Nani angeumia? Bi Mizani alitoka akaenda stoo. Alipiga magoti palepale, akafumba macho, akasema, Mungu wangu, nionyeshe. Maneno yakakatikia hapo. Kila alipofumba macho aliliona beseni. Akaelewa kwamba alikuwa anaomba aonyeshwe kitu alichokwisha kuonyeshwa kwenye skrini, na kwamba safari hii alikuwa ameingia stoo kujificha tu. Aliona haya, haya hasa, kama mtoto aliyeshikwa na mkono ndani ya chungu. Alinyanyuka kabla magoti hayajapata joto.

Mkuu alikuwa ametoka kikaoni, amesimama mapokezi akizungumza na mwenye kiwanda. Bi Mizani alimfuata na daftari mkononi.

"Mkuu, naomba niseme mbele ya huyu kaka. Nikikuambia faraghani nitaipunguza."

Akasema. Alisema saa aliyoweka chupa na saa aliyoitoa. Alisema alichoandika. Alisema kuhusu kilima cha pili, na kwamba unga wa kiwanda haukuwa na kasoro yoyote anayoijua yeye.

Uso wa Mkuu uliiva kwa hasira. "Ulikuwa wapi muda wote huo?"

"Stoo. Nasali."

Mkuu alilipokea daftari, akalifungua. "Mama," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali tena, jambo lililokuwa baya zaidi. "Ungekuja siku ile ile ungesema umesahau chupa, ningekucheka, ningekupa kopo jingine. Sote tumesahau chupa. Lakini hili la kumi…" Aliweka kidole kwenye safu ya daftari.

Mwenye kiwanda hakumtazama yeyote. Alikuwa anapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Hapokei," alisema. "Nimemwita mwizi. Wewe dada unaweza kubadilisha karatasi. Mimi nabadilisha nini?"

Kopo la akiba lilifunguliwa siku ile ile, mbele yake, na mpimaji mwingine. Bi Mizani hakuruhusiwa kugusa kitu; alisimama ukutani mikono nyuma. Asilimia tisini na saba. Lile la hataza lilipimwa upya pia, kwa haki, likatoa tisini na tisa vilevile. Mkuu aliliandikia duka la dawa barua ya kufuta majibu ya kwanza, akaeleza sababu bila kuipamba. Ile barua ya muhuri aliyompa Bi Mizani akaichukua. Mwaka mmoja, alisema, kisha tutaona. Kwa sasa kulikuwa na chupa za kuosha.

Kesho yake, baada ya kazi, Bi Mizani alikwenda kwa yule mdogo mtu. Kaka yake alimwelekeza nyumba, akaongeza kwamba yeye mwenyewe alikwenda mara mbili akazungumza na mlango.

Kwa Bi Mizani mlango ulifunguliwa. Mwanamke aliyeufungua alikuwa mwembamba, wa miaka kama arobaini, pini za nguo zimebanwa kwenye ukosi wake, alikuwa anaanua. Alimsikiliza hapo hapo uani, akikunja mashuka, akimpa ncha moja ashike, kwa sababu shuka halikunjwi na mtu mmoja. Bi Mizani alieleza yote akiwa ameshika ncha. Kisha akatoa karatasi mpya.

Mwanamke aliisoma. "Tisini na saba."

"Ndiyo."

"Na wale wakubwa tisini na tisa."

"Ndiyo, lakini tofauti hiyo ndogo, mashine…"

"Hizo mbili atasema nimekula mimi." Alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Miaka tisa napima ule unga. Nilikuwa nikipiga chafya nageuka nyuma, usipotee hata vumbi. Halafu watu wanasema eti huo mwingine una hataza, ndio wa kweli. Mbona walipoona pungufu hawakuwauliza wao kwanza? Mbona mlitufikiria sisi?"

Bi Mizani angeweza kujibu kwamba karatasi ndiyo iliyosema. Hakujibu hivyo. "Kwa sababu ninyi ni wa bei ndogo," alisema. "Niliona namba ile, nikafurahi kuiamini. Ilinifaa."

Yule mwanamke alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Angalau wewe husemi mashine." Aliweka shuka kwenye kikapu. "Ulikuwa wapi, chupa ikichemka?"

"Nilikuwa nasali."

"Uliniombea mimi?"

"Sikuwa nakujua."

"Haya, sasa unanijua." Alitazama karatasi tena, akamrudishia. "Sikiliza, mama. Mimi sina ugomvi na dua zako. Lakini kaka yangu alinitukana mbele ya watu kumi na mmoja, na hii karatasi haina miguu ya kwenda kuwazungukia mmoja mmoja. Wengine hawajui hata asilimia ni nini. Wanajua tu nilinyang'anywa ufunguo."

"Nitakwenda."

"Utasema nini?"

"Nilivyokuambia wewe."

"Na la daftari?"

Bi Mizani aliikunja karatasi. "Na la daftari."

Asubuhi ya siku iliyofuata aliomba ruhusa ya saa mbili. Kiwanda kilikuwa chumba kimoja kirefu, meza ya chuma katikati, makopo meupe yamepangwa kwa safu, na harufu ya vitamini kama ya karatasi mpya. Wafanyakazi waliacha kazi. Walikuwa wamevaa kofia za wavu na barakoa, hivyo alichokiona ni macho tu, jozi kumi na moja. Mwenye kiwanda alisimama kando ya mlango. Mdogo wake alikuwa upande wa pili wa chumba, amevaa nguo zake za mtaani, mikono amefumbata.

Bi Mizani alikuwa ameomba njia nzima apewe maneno. Alipofungua mdomo, maneno yaliyokuja yalikuwa machache, tena ya kawaida. Alisema yeye ndiye aliyepima dawa yao. Aliisahau kwenye moto, ikaharibika mikononi mwake. Alijua imekaa sana, akaandika haikukaa. Huyu mwanamke hakuiba hata punje. Mwongo ni mimi, alisema, na mnaniona.

Mama mmoja wa makamo alishusha barakoa. "Nawe wamekufukuza?"

"Hapana. Nimerudi kuosha chupa."

"Afadhali yako!" alisema mwingine nyuma, na mmoja akaguna, mwingine akamkanya. Hakuna aliyemwambia amesamehewa. Alikuwa amedhani kwamba akishasema, kifua kitafunguka. Hakikufunguka. Kilikuwa vilevile, ila sasa wenye haki ya kujua walikuwa wanajua.

Alifunga mkoba wake, akageuka aondoke. Yule mwanamke alimshika kiwiko.

"Usiondoke bado, mama. Ulianza wewe, sikiliza mpaka mwisho." Kisha akapaza sauti kuvuka chumba. "Kaka. Huyu mama wa watu amesema lake. Karatasi yake ilikudanganya, sawa. Lakini mdomo ulioniita mwizi haukuwa wa karatasi. Au naye akusemee?"

Jozi zote kumi na moja za macho zikahamia mlangoni. Mwenye kiwanda alivua kofia yake ya wavu, akaifinyanga mkononi. Alianza, akakohoa, akaanza tena, na akamwita mdogo wake kwa jina alilokuwa akimwita utotoni, mbele ya watu wote.

Bi Mizani alibaki alipokuwa, akasikiliza.